Kabla ya kumshtaki mvamizi wa shamba Ifo, ijulikane kwanza ardhi ni ya nani

KILA ukame unapobisha hodi Kaskazini Mashariki, mgogoro ule ule hurudi. Mifugo huingia shambani, mkulima hulia hasara, mfugaji hujibu kwamba mnyama mwenye kiu hajui mpaka, na wakuu wa usalama huitwa kutuliza mambo. Baada ya hapo viongozi hutoa wito uliozoeleka, kwamba sheria ifuate mkondo wake.

Wito huo ni wa haki. Lakini katika eneo la Ifo, Kaunti ya Garissa, sheria inayotajwa ina pengo ambalo wanaotoa wito huo huliruka. Sheria dhidi ya uvamizi wa mashamba imeundwa kumlinda mwenye ardhi au mkaaji wake halali dhidi ya mtu asiye na haki ya kuwa pale. Ili ifanye kazi, sharti mmoja ajulikane kuwa mwenyewe na mwingine ajulikane kuwa mgeni. Ifo ni mahali ambapo tangu mwaka 1991 hilo halijawahi kutatuliwa kwa maandishi.

Swali hilo halingekuwa na uzito huu kama kambi ingebaki kambi. Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma hatua kwa hatua kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja na kujitafutia riziki. Mwaka huo huo mgao wa chakula kambini ulikatwa vibaya baada ya fedha za wafadhili kupungua. Mtu aliyeambiwa ajitegemee, na ambaye sahani yake imepungua, atatafuta mahali pa kulima. Na atakapolima, mbuzi na ngamia watafika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia alilime shamba la nani.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Uvamizi, Sura ya 294 ya Sheria za Kenya, ilitungwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni. Inasema ni kosa kwa mtu kuingia au kubaki katika ardhi ya binafsi, kujenga, kulima au kulisha mifugo humo bila ridhaa ya mkaaji wake na bila sababu ya kuridhisha. Kisha inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: akishashtakiwa mtu, ni juu yake yeye kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu hiyo au kwamba alipewa ridhaa.

Katika wilaya za zamani za walowezi, ambako kila ekari ina nambari na kila nambari ina jina, sheria hiyo haina utata mkubwa. Mwenye shamba huleta hatimiliki, shahidi husema aliwaona ng'ombe, na hakimu huamua. Kaskazini mambo hugeuka. Mfugaji aliyefikishwa kortini mwaka wa ukame atatakiwa kueleza sababu ya kuridhisha. Je, kiu ya ngamia 40 ni sababu ya kuridhisha? Je, kufungwa kwa njia ambayo babu yake aliipita kwenda majini ni sababu? Sheria iko kimya.

Ipo pia Sheria ya Ardhi, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2016 yanakataza mtu kukalia kinyume cha sheria ardhi ya binafsi, ya jamii au ya umma. Hii angalau inaitaja ardhi ya jamii. Hata hivyo, njia inayoiweka ya kumwondoa mkaaji asiye halali ni notisi isiyopungua miezi mitatu. Ni utaratibu wa kiutu kwa mtu aliyejenga nyumba. Kwa kundi la mbuzi linaloweza kumaliza kitalu cha sukuma wiki kabla ya adhuhuri, hauna msaada wowote.

Sasa tuitazame Ifo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1991 Serikali ya Somalia ilipoporomoka, na baadaye ikafuatwa na Dagahaley na Hagadera. Iko karibu na mji wa Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa kuelekea mpaka wa Somalia. Kambi hizo tatu zilipangwa kuwahifadhi watu 90,000. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia, zilikuwa na watu zaidi ya 450,000, na Ifo 2 ikafunguliwa baada ya mvutano mrefu, huku wenyeji na Serikali wakiwa na wasiwasi kuhusu usalama, kuni na malisho.

Wakati kambi inaanzishwa, ardhi hiyo ilikuwa ardhi ya amana chini ya Baraza la Kaunti ya Garissa. Baraza liliishikilia kwa niaba ya wakazi, ambao ni wafugaji wa kuhamahama, na wakazi hao waliwapokea majirani na ndugu zao wa damu na wa dini. Jamii ilitoa malisho yake kwa muda. Muda huo umepita miongo mitatu.

Katiba ya 2010 ilibadilisha msingi huo. Ardhi ya amana ikawa ardhi ya jamii, na kifungu cha 63 kikaeleza kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa itashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu: jamii ijiandikishe, ichague kamati, mipaka ipimwe, hati itolewe. Karatasi ni nzuri. Utekelezaji umejikokota, hasa katika kaunti za kaskazini ambako ardhi ya jamii ndiyo karibu ardhi yote.

Matokeo yake ni kwamba pale Ifo kuna makundi matatu ya watu, na kila moja lina haki ya namna fulani isiyotosha. Kuna wenyeji, wanaoijua ardhi kuwa yao kwa jadi lakini wanaoshikiliwa na kaunti. Kuna wakimbizi, walioletwa pale kwa amri halali ya Serikali na ambao kwa miaka mingi sheria iliwakataza kutoka nje ya kambi bila kibali. Na kuna wafugaji wa mbali, kutoka upande wa Wajir, Lagdera au Fafi, wanaofuata mvua na visima. Sheria ya 2016 inaitafsiri jamii kuwa kundi la watumiaji wa ardhi ambao ni raia wa Kenya. Kwa hivyo mkimbizi aliyezaliwa Ifo, akasoma Ifo na akazaa watoto Ifo hawezi kuingia katika daftari hilo.

Fikiri basi linalotokea mifugo inapoingia katika bustani ya mkimbizi. Tangu miaka ya 2000 familia nyingi kambini zimekuwa zikipanda mboga katika magunia na vitalu vidogo, zikitumia maji yaliyobaki ya kufulia na kuoshea vyombo. Mbuzi wa mwenyeji akizila mboga hizo, mwenye bustani hawezi kudai kwamba ardhi yake ya binafsi imevamiwa, kwa kuwa si yake. Hawezi pia kusema kwamba jamii yake imeingiliwa, kwa kuwa si mwanajamii. Atakachoweza kushtakia ni uharibifu wa mali, akimpata polisi wa kumsikiliza na shahidi wa kumtaja mwenye mbuzi. Kwa kawaida humwendea kiongozi wa bloku, kiongozi akawaendea wazee, na wazee wakaamua. Akibahatika, atapata fidia ndogo.

Geuza sarafu. Mwanamke mkimbizi anayekwenda porini kutafuta kuni huonekana na wenyeji kuwa ndiye mvamizi. Wao huona kijiti kikavu leo, mti mbichi kesho, na jangwa keshokutwa. Wanawake wengi walishambuliwa na kubakwa katika safari hizo miaka ya 1990, kiasi kwamba mwaka 1998 shirika la UNHCR lilianzisha mradi wa kugawa kuni kambini ili kupunguza safari za porini. Mashirika ya mazingira nayo yalizungushia ua maeneo kadhaa kando ya kambi ili miti ipandwe upya. Ua huo uliokusudiwa kurudisha miti ulikuwa pia ua mwingine katika nchi ambayo mifugo ilizoea kupita.

Hakuna upande unaosema uongo hapa. Mwenye bustani ameibiwa jasho lake. Mwenye mifugo amepunguziwa malisho bila kuulizwa. Kinachokosekana ni kanuni inayowatambua wote wawili kwa pamoja.

Wapo watu Ifo wasiohitaji kufundishwa hatari ya sheria ya ardhi isiyomtambua mtumiaji wake. Miongoni mwa wakimbizi wa mwanzo walikuwamo wakulima wa Kibantu kutoka bonde la Mto Juba. Mwaka 1975 serikali ya Siad Barre ilipitisha sheria iliyoifanya ardhi yote ya kilimo kuwa mali ya Serikali, na anayetaka kulima akatakiwa kujiandikisha na kupewa kibali cha miaka 50. Wakulima wa kijijini, ambao wengi hawakujua kusoma na waliokuwa mbali na ofisi za Mogadishu, hawakujiandikisha. Walioandikisha ni maofisa, wafanyabiashara na watu wenye jamaa serikalini. Katika miaka ya 1980 wakulima wengi wa bonde hilo walijikuta wakiitwa wavamizi katika mashamba yaliyolimwa na babu zao. Baada ya vita kuanza, bunduki ilikamilisha kazi iliyoanzwa na karatasi. Maelfu yao walipokelewa Marekani kuanzia mwaka 2003 na kuendelea, lakini wapo waliobaki.

Mafunzo ya Juba yanatuhusu. Usajili wa ardhi unaofanywa haraka, ofisini na kwa lugha ya ofisi huwapa haki wale wanaoijua njia ya ofisini. Anayetoka mkono mtupu ndiye hugeuzwa mhalifu na sheria ya uvamizi.

Na Kenya haihitaji kuvuka mpaka kuyaona hayo. Ukame unapokaza, mifugo ya Garissa, ikiwemo ya upande wa Dadaab, huelekea magharibi kwenye Mto Tana, mto wa pekee wa kudumu katika eneo hilo. Huko njia za kuteremka majini huitwa malka. Kando ya mto, kuanzia mjini Garissa hadi kwenye delta, kuna mashamba ya ndizi, maembe, nyanya na vitunguu. Baadhi ya wakulima hao ni Wapokomo na Wamunyoyaya walioishi mtoni tangu jadi. Wengine ni wafugaji waliopoteza mifugo katika ukame na kushika jembe. Kila shamba jipya linalozungushiwa ua wa miiba linaweza kuwa limefunga mlango wa malka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilijaribu kupima ardhi ya Tana River na kutoa hati. Wakulima wa Kipokomo waliunga mkono. Waorma na Wawardei walipinga, wakihofu kwamba kila hati ingekuwa kufuli katika malka. Mapigano yaliyofuata, hadi mwaka 2002, yaliua watu zaidi ya 100. Miaka 10 baadaye, Agosti 2012, mapigano yalizuka tena katika delta. Katika kijiji cha Riketa pekee watu wapatao 50 waliuawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto, na hadi mapema 2013 idadi ilipita 100. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka iliundwa. Siasa za uchaguzi zilitajwa, silaha zilitajwa, lakini chini ya yote palikuwa na swali la nani ana haki ya kupita na nani ana haki ya kuzuia.

Sheria ya uvamizi ilikuwapo muda wote huo. Haikuzuia hata mauaji moja, kwa sababu kila upande uliamini kwamba mvamizi ni yule mwingine.

Kuna watakaosema kwamba haya ni matatizo ya mahali pasipo na hatimiliki, na dawa ni kutoa hatimiliki kwa kila mtu. Laikipia inawajibu. Huko ranchi zina hati, mipaka na walinzi. Mwaka 2017, katika ukame na msimu wa uchaguzi, maelfu ya ng'ombe waliingizwa katika ranchi na mashamba madogo, watu wakauawa na mali ikateketezwa. Mashamba ya wakulima wadogo, wenye hati za ekari chache, yaliumia sawa na ya matajiri. Hati iliwapa haki ya kushtaki. Haikuyapa maji makundi yaliyokuwa nje ya ua.

Tusichukue hayo kuwa udhuru wa kumpuuza mkulima. Kuna mazoea mabaya ya kuuzungumzia ufugaji kana kwamba ni mvua, jambo ambalo halina mhusika. Mifugo ina wenyewe. Siku hizi baadhi ya makundi makubwa si ya maskini anayehama na familia yake, ni mali ya watu wa mjini waliomwajiri mchungaji na kumpa bunduki. Mkulima aliyekopa fedha za mbegu na mafuta ya pampu hawezi kuambiwa avumilie kwa jina la mila. Anayestahili kulindwa na sheria kwanza ni yule asiye na nguvu ya kujilinda.

Jambo la kutia moyo ni kwamba watu wa eneo hili wana sheria yao kuhusu suala hili, na ni ya kale kuliko Sura ya 294. Wasomaji Waislamu wanaikumbuka habari ya Nabii Daud na Nabii Suleiman katika Sura ya Al-Anbiya, walipohukumu kesi ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo. Wafasiri wanasimulia kwamba Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba wawe fidia. Suleiman akaona njia ya wastani: mwenye shamba awatumie kondoo kwa maziwa na sufu, huku mwenye kondoo akilihudumia shamba hadi lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Katika mafundisho ya Mtume pia imepokewa hukumu kwamba mwenye bustani ana wajibu wa kuilinda mchana, na mwenye mifugo anawajibika kwa uharibifu unaofanywa na mifugo yake usiku.

Angalia namna kanuni hiyo inavyogawa mzigo. Haiulizi kwanza nani ana hati. Inauliza saa ngapi, nani alikuwa na wajibu wa kulinda, na hasara ni kiasi gani. Hukumu yake hulenga kurudisha kilichoharibika, na pande zote mbili hubaki na riziki yao. Wazee wa Kisomali wanaoamua kwa mila ya xeer hutumia mantiki inayokaribiana na hiyo.

Kaskazini Mashariki ina mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2001 jamii za wafugaji wa kaskazini zilikubaliana katika Azimio la Modogashe, ambalo baadaye lilifanyiwa marekebisho. Azimio hilo lilisema wafugaji wanaotaka kuhamia eneo la wengine waombe kwanza ruhusa ya wazee na watawala wa huko, na waingie bila silaha haramu. Liliweka pia fidia ya mauaji: ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Wanasheria wamelilaumu kwa haki. Fidia hiyo inamfanya mwanamke kuwa nusu, na mauaji hayawezi kumalizwa kwa ngamia katika nchi yenye Katiba. Lakini sehemu yake kuhusu ruhusa ya kuingia ina busara ambayo Bunge halijaifikia. Inamchukulia mgeni kuwa mtu anayeweza kuingia kwa masharti. Haimhesabu kuwa mvamizi kabla hajafika.

Majirani zetu nao wana ya kutufundisha. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliwapa vijiji mamlaka juu ya ardhi yao na uwezo wa kutenga maeneo ya kilimo na ya malisho. Hata hivyo, Desemba 2000 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapambano ya wakulima na wafugaji. Sheria ilikuwa imeshapitishwa, lakini kugawanya ardhi kwenye ramani kulikuwa hakujakubaliwa na wote waliokuwa wakiitumia. Uganda huwapa wakimbizi viwanja vya kulima katika makazi kama Nakivale, sera ambayo imesifiwa duniani. Lakini kadiri watu walivyoongezeka ndivyo viwanja vilivyopungua, na migogoro ya mipaka na wenyeji ikaongezeka. Kugawa viwanja kulikuwa mwanzo tu.

Hapa kwetu, Kaunti ya Turkana ilitenga ardhi ya Kalobeyei mwaka 2015 baada ya mazungumzo na wenyeji, ikiwa makazi yaliyokusudiwa tangu mwanzo kuwahudumia wakimbizi na wenyeji. Ifo haikuwa na bahati hiyo. Ilianza kama dharura na ikazeeka kama dharura. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba Dadaab ingefungwa, na Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaizuia hatua hiyo. Mahali ambapo watu hawajui kama watakuwapo mwakani, nani angehangaika kupima mpaka?

Sasa Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika vinasema kwamba watu hawa watakuwapo. Kwa hivyo udhuru wa zamani umekwisha, na mambo manne yanastahili kutangulia jembe.

La kwanza, ardhi ya jamii katika maeneo yanayozizunguka kambi isajiliwe kabla ya mashamba kugawanywa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usajili huo ufanyike mikutanoni, kwa Kisomali na Kiswahili, na wanawake na vijana waandikwe wakiwa wanajamii kamili. Kusajiliwa kutamaanisha kwamba mapatano yoyote kuhusu ardhi hiyo yatafanywa na jamii yenyewe, na sheria inataka uamuzi wa kuitoa ardhi uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanajamii watu wazima.

La pili, njia za mifugo na milango ya maji zichorwe na kutangazwa rasmi kabla ya ua wa kwanza kuwekwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii tayari inairuhusu jamii kuweka masharti ya malisho, ikiwemo aina na idadi ya mifugo na sehemu itakayolishwa. Ushoroba ulio kwenye ramani humpa mkulima hoja pia: mifugo ikitoka nje yake, kosa linaonekana.

La tatu, mkimbizi anayelima apewe mkataba wa kukodi kutoka kwa jamii, wa muda unaojulikana na kwa kodi inayoingia katika hazina ya jamii. Wapo wenyeji wanaohofu kwamba kumpa mkimbizi shamba ni kumpa nchi. Hofu hiyo ijibiwe kwa uwazi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kushikilia ardhi kwa kukodi tu, tena si zaidi ya miaka 99. Kukodi hakumfanyi mtu kuwa mwenye nchi. Kunamfanya mkaaji halali, na mkaaji halali ndiye mtu ambaye sheria ya uvamizi inaweza kumlinda.

La nne, kaunti itunge kanuni ndogo ya fidia ya mazao inayofuata mila ya wenyewe: ulinzi wa mchana, dhamana ya usiku, tathmini ya hasara mbele ya wazee wa pande zote, na muda maalumu wa kulipa. Katiba, kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro mradi hazivunji haki za watu. Anayekataa kulipa, anayeingia na silaha na anayerudia kosa, huyo ndiye apelekwe kortini.

Haya si mepesi. Kusajili ardhi ya jamii kunaweza kufufua mabishano ya mipaka kati ya koo, na hata kati ya kaunti. Mpaka wa Garissa na Tana River wenyewe ungali unabishaniwa. Kuna wanasiasa watakaotaka majina ya watu wao yaongezwe daftarini. Kuna wafanyabiashara wa ardhi watakaonusa fedha za wafadhili. Lakini kutosajili hakujayazuia mabishano hayo. Kumeyaacha tu bila mahali pa kuamuliwa, na mwenye bunduki ndiye aliyefaidika.

Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana kaskazini. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilipofika, zilikuja kwa mafuriko. Hakuna anayeweza kuwaahidi watu wa Ifo kwamba ukame mwingine hauko njiani. Ukija, utawakuta wakulima wengi zaidi kuliko ule uliopita, maana Serikali na wafadhili wanawahimiza walime. Utakuta pia mifugo ile ile ikitafuta visima vile vile vya Merti ambavyo kambi na wenyeji wanavitegemea.

Serikali ya Kitaifa na Kaunti ya Garissa zina muda kabla ya hapo, ingawa si mwingi. Kama ugawaji wa mashamba utatangulia usajili, wakuu wa usalama watarudi Ifo na wito wao wa kawaida kwamba sheria ifuate mkondo wake, na wazee watawauliza ni sheria ya nani na katika ardhi ya nani.